Chupa Iliyokaa Kavu

Mumbua mwanangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Yako sitauliza, kwa sababu nikikuuliza utasema ni njema, nami nitaamini, kisha tutaendelea na mengine kana kwamba tumeambiana kitu. Barua yenyewe ni ya jambo hilo. Utaona mbele.

Ni saa tisa ya mchana. Umeenda sokoni Matinyani kusukwa, na msusi wako namjua, mdomo wake hufanya kazi kuliko vidole, kwa hivyo nina wakati. Nimeketi mlangoni pa jikoni na daftari kwenye goti. Mbuzi wamelala, hata kuku wamenyamaza. Saa kama hizi za jua kali mimi huwa kama mtu aliye nusu usingizini. Vitu vya zamani vinakuja vinasimama hapo uani, vinanitazama, wala havisemi. Leo vimekuja vyote pamoja kwa sababu kesho unaondoka.

Sanduku lako liko tayari kitandani. Yunifomu zako mbili nimezipiga pasi mimi, na karatasi hizi nitaziweka katikati, maana najua hutazikunjua mpaka ufike Makueni. Ningeweza kukuambia kwa mdomo leo ukirudi. Nimejaribu wiki nzima. Nikifungua mdomo inatoka habari ya sweta, inatoka habari ya kuchemsha maji, mpaka ukaniita redio. Basi sweta nimemaliza. Sitaitaja tena, ingawa ile ya kijani ndiyo nzito.

Utashangaa kwa nini naandika Kiswahili na si Kikamba chetu. Shule niliacha darasa la tano, na Kiswahili ndicho nilichofundishwa kuandika, hiyo ni sababu moja. Nyingine ni kwamba Kikamba ndicho ninachoota nacho, na maneno haya kwa Kikamba yanakataa kutoka. Kwa Kiswahili yanakuwa kama nguo za kuazima. Hazinikai vizuri, lakini nikizivaa naweza kutoka nje.

Unakumbuka siku uliyokuja na barua ya kazi? Ulifika ukiimba tangu barabarani. Nilikuwa nachagua pojo kwenye ungo. Ukanisomea yote, ukanitafsiria, na ulipofika mahali pa wodi ya wanaume ukacheka kicheko ambacho si chako.

“Mwaitu, mama yangu, nimeuliza. Unajua inchaji wa hiyo wodi ni nani? Kalondu. Yule yule.”

Nikasema, “Kalondu wako wengi.”

“Huyo aliyemuua babu hayuko mara mbili. Alihamishwa kutoka huku akapelekwa Makueni, sasa amekuwa mkubwa. Wacha tu nifike. Atajua mimi ni mjukuu wa nani. Salamu yangu hataipata hata siku moja.”

Mimi niliendelea kuchagua pojo. Nilitoa mawe, nikatoa na pojo nzuri nikazitupa pamoja na mawe, na hukuona, kwa sababu ulikuwa umekasirika, na mtu aliyekasirika haoni ungo. Ulikuwa na miaka kumi tulipomzika babu yako. Umekua na hasira hiyo kama mtoto anayekua na kovu, mpaka ikakupeleka chuo. Ulisema mbele ya kanisa zima, siku ile walipokuombea, kwamba unaenda kuwa nesi ambaye hatamwacha mzee wa mtu afe kama babu. Watu wakasema amina. Mimi pia nilisema. Nimekaa na hiyo amina kooni miaka yote ya masomo yako.

Sasa nisikilize.

Mwaka wa pili chuoni ulikuja likizo na daftari lako, ukataka kujifunza kwangu. Ulinilaza kitandani mchana kweupe, mbuzi wanalia nje.

“Mama, unasikia uchungu wapi?”

“Mgongo. Unaujua.”

“Moja mpaka kumi, ni ngapi?”

“Kumi ya nini?”

“Ya uchungu! Moja ni kidogo, kumi ni ule wa kufa. Nipe namba.”

“Basi andika tano, usikasirike.”

Ukaandika tano. Nilikuona ukiandika, mwandiko mzuri, ukapiga mstari chini kwa rula. Mgongo wangu siku hiyo haukuwa tano, Mumbua. Nilitoa tano kwa sababu ulikuwa umechoka na safari, na tano ilionekana namba ya adabu. Tulicheka baadaye tukinywa chai. Lakini mimi nilikuwa nimemwona mwanangu akikubali jibu kutoka kwa mtu yule yule aliyewahi kutoa jibu kama hilo mara moja, mahali pengine, na likaandikwa vizuri vile vile.

Nthoni, ile haya ya wakwe, unaijua kwa jina. Nyinyi wa siku hizi mnaicheka, na labda ni sawa. Kwangu haikuwa kitu cha kucheka. Nilipoolewa hapa nilifundishwa kwamba baba mkwe si mtu wa kuzoea. Hukai alipokaa. Hupiti mbele yake bila kuinama kidogo na kushika upande wa njia. Chakula unaweka, unaondoka. Na jina lake hulitamki, hata kama ni jina la mtu mwingine kabisa, hata kama ni mhubiri kwenye redio. Nilikaa boma moja na babu yako miaka kumi na minne, nikamfulia nguo, nikampikia, na sidhani tuliwahi kutazamana machoni. Alikuwa mzee mwema. Alikuwa akikohoa akifika kwenye ua ili nipate nafasi ya kujitengeneza. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu, kikohozi chake na mimi kushusha kanga.

Alipougua kile kichomi, nyanya yako alikuwa ameshatutangulia. Baba yako alikuwa Mtito Andei kwa kazi ya kituo cha petroli, na baba yako mkubwa alikuwa na duka lake kule Malili. Nilibaki mimi. Nilikodi gari, nikampeleka hospitali, na pale dirishani msichana akauliza bila kuinua kichwa, “Jina la mgonjwa?”

Nilitazama kitambulisho chake mkononi mwangu.

“Mama, jina la mgonjwa.”

“Liko hapo kwa kitambulisho.”

“Nasoma aje na kitambulisho umekishika wewe?”

Watu walicheka nyuma yangu. Nikamsukumia kitambulisho. Yeye alidhani sijui kusoma, nami nikaacha adhani hivyo, ilikuwa rahisi. Angalia vile mambo yalivyoanza. Tangu mlangoni nilikuwa nimeshaficha kitu, na yule msichana alikuwa ameshajaza sababu yake mwenyewe mahali ambapo sababu yangu ilitakiwa kuwa.

Ilikuwa Jumatatu. Walimpa kitanda karibu na dirisha, wakamtundikia dripu. Sista Kalondu alikuwa wa zamu. Usimfikirie mzee. Alikuwa labda na umri ulio nao wewe sasa, ameongezea kidogo. Mfupi, viatu vyake vinalia vikikanyaga sakafu, nyii, nyii, wagonjwa walikuwa wanamtania kwamba anatembea na panya. Wodi ilikuwa imejaa, na yeye alikuwa yeye na mwanafunzi mmoja. Alikuja na chupa ya mkojo, zile za plastiki nyeupe zenye shingo iliyopinda, akaining’iniza kando ya kitanda.

“Mama, huyu mzee wako nataka kujua anakojoa kiasi gani. Akikojoa humu usimwage kabla sijaona. Umenielewa?”

Nikasema, “Ndiyo.”

Alisema hayo mbele yake. Babu yako aligeuza uso ukutani. Mimi nilitazama kucha zangu. Nakwambia, Mumbua, kama ardhi ya ile wodi ingefunguka ningeingia nikashukuru.

Siku hiyo ikapita, na usiku wake nililala kwa dada mmoja wa kanisa. Jumanne asubuhi nikaja na flaski ya uji. Babu akanywa vikombe viwili kwa kiu, mimi nikiwa nimempa mgongo. Viatu vikaja, nyii, nyii.

“Mzee amekojoa?”

Chupa ilikuwa palepale. Sikuwa nimeigusa. Sikuwa hata nimeitazama. Ningesema sijui, lakini sijui ingeleta swali lingine, na swali lingine lingeleta mkono wa mtu kufunua blanketi mimi nikiwa hapo. Nikasema, “Ndiyo.”

“Iko wapi?”

“Nimemwaga. Nilisahau.”

“Ilikuwa rangi gani?”

“Ya kawaida.”

Akanitazama kidogo. Nilimwona akitaka kusema kitu. Kisha mgonjwa wa upande ule akaanza kutapika, mwanafunzi akaita, na Sista akaandika kwenye chati akaenda. Babu yako alikuwa amefumba macho. Alisikia kila kitu. Alijua sikuwa nimemwaga chochote, na hakunisahihisha, kwa sababu kunisahihisha kungekuwa kuniambia mimi, mke wa mwanawe, kwamba mwili wake umekataa. Naye alikuwa na nthoni yake kwangu. Tulikuwa watu wawili tunaoheshimiana, na heshima yetu ilikuwa imekaa katikati kama mtu wa tatu, inamziba mzee pumzi.

Jioni akauliza tena. Nikajibu tena. Mara ya pili uongo hauna uzito, nataka ulijue hilo. Wa kwanza ndio huinuliwa kwa nguvu.

Jumatano mzee akaanza kuongea. Alisema punda wameingia ndani, watoeni, wanakunywa maji yote. Alivuta shuka, akaikunja, akaikunjua. Nesi mwingine, jina lake silijui, akasema wazee huwa hivyo wakilazwa, wanachanganyikiwa na kelele. Mwanafunzi akasema labda ni malaria imepanda kichwani. Kila mtu alikuwa na sababu yake nzuri, na zote zilitosha, na mimi nilizifurahia zote.

Sista Kalondu aliingia zamu saa nane mchana. Hapa ndipo ninapotaka uje usimame nami, mwanangu, kando ya kile kitanda, uone nilichokiona. Mwanga ulikuwa unaingia dirishani ukiwa na vumbi, kila kitu kilikuwa polepole kama chini ya maji. Hakuchukua chati kwanza. Alisimama miguuni pa kitanda, mikono mfukoni, akamtazama tu. Akamsalimia. Babu akamjibu habari ya punda.

Yule nesi mwingine akasema, “Si nimekwambia, ni uzee.”

Sista akasema, “Jumatatu alikuwa mzee vile vile, na alinitajia watoto wake wote kwa mpangilio.”

Akaangalia flaski yangu. “Mama, tangu jana asubuhi amekunywa vikombe vingapi vya uji?”

“Kama sita.”

“Na chai?”

“Viwili.”

Akainua macho kwa dripu. Akahesabu kwa vidole, kama mtoto wa nasari, hakuona haya. Kisha akasema, si kwangu, kama anajisemea mwenyewe, “Sasa yote hiyo imeenda wapi?”

Aliinama akatoa ile chupa. Akaiinua dirishani. Mwanga ulipita ndani yake, mweupe, na chini tuliona vumbi limekaa, na mdudu mdogo mkavu. Sote wawili tulimwona yule mdudu.

“Mama,” akasema polepole sana, “hii chupa haijawahi kutumika.”

Akaweka mkono chini ya kitovu cha babu, juu ya blanketi, na mzee akalia kama mtoto na kumpiga mkono. Hapo alikimbia. Viatu vikalia mpaka mwisho wa wodi na kurudi. Wakavuta pazia. Mimi nilikuwa nje ya pazia nikiwa nimejifunika uso kwa kanga, na nikasikia mkojo ukishuka kwenye mrija wa mpira, ukaingia kwenye mfuko, ukaendelea, ukaendelea. Nilisikia wakibadilisha mfuko. Nilimsikia babu yako akipumua mara moja, pumzi ndefu, na akasema kwa akili yake timamu, “Asante, mwanangu.” Sijui alimwambia nani.

Figo zilikuwa zimeshaumia. Walimpeleka hospitali nyingine kubwa, na wiki ya pili akatuacha. Daktari alimwambia baba yako kwamba huenda figo zilikuwa zimechoka tangu zamani, wazee wengi huzibwa mkojo kidogo kidogo bila kusema, huenda hata angewahiwa ingekuwa vile vile. Huenda. Hilo neno moja nimelitumia kama blanketi. Halitoshi miguu.

Na ungedhani kosa langu limeishia hapo. Halikuishia.

Matangani baba yako mkubwa alisimama akasema mzee ameuawa na uzembe, kwamba nesi alikuwa anazunguka tu na karatasi na mtu anapasuka mkojo. Wewe ulikuwa umekaa kwa mkeka na watoto wenzako, nilikuona ukimsikiliza mdomo wazi. Wakaandika barua ya malalamiko. Kabla ya kuipeleka, baba yako mkubwa akanijia jikoni, akasimama mlangoni, hapa hapa nilipokaa.

“Mama Mumbua, wewe ndiye ulikuwa huko. Huyo nesi alikuuliza chochote?”

Moshi ulikuwa mwingi. Nikapuliza moto. “Sikumbuki vizuri,” nikasema. “Kulikuwa na watu wengi.”

Akaandika kwamba hakuuliza.

Waliitwa mkutano hospitalini, wanaume wakaenda. Jioni wakarudi na furaha. Nilikuwa nimeshika trei ya chai baba yako mkubwa alipokuwa akisimulia. “Hata hakupigana! Tulimwuliza, ulijuaje kwamba mzee anakojoa? Akasema, ‘Sikuangalia.’ Basi. Neno moja. ‘Sikuangalia.’ Amekubali mwenyewe!” Wakagongana mikono. Nilisimama na ile trei mpaka chai ikapoa, nikingoja aseme sehemu ile nyingine, ya mama aliyesema ndiyo mara mbili. Haikuja. Hakuwaambia. Alinibeba, Mumbua, mimi mtu asiyemjua, na akahamishwa akiwa amenibeba.

Mwezi mmoja baadaye nilienda kuchukua karatasi za mzee zilizobaki. Niliomba Mungu nisimkute, nikamkuta ngazini akiwa na katoni ya vitu vyake. Nilitaka kupita. Akaweka katoni chini.

Nikasema, “Sista, kwa nini hukuwaambia?”

Akasema, “Mimi pia nimeolewa, mama. Baba mkwe wangu nikimwona njiani naingia kwenye mahindi.” Akacheka kidogo, halafu machozi yakaja. “Nilijua wewe ni mke wa mwana. Uliniambia Jumatatu. Nilijua nthoni ni nini. Na bado nilikuuliza mbele yake, nikakubali ulichosema, kwa sababu nilikuwa na wodi nzima na nilitaka jibu liwe ndiyo. Ile chupa ilikuwa hatua mbili kutoka kwa mkono wangu. Wewe ulikuwa na haya. Mimi nilikuwa na nini?”

Hakungoja nijibu. Akachukua katoni akashuka, viatu vikilia. Hayo maneno nimekuwa nayo tangu siku hiyo. Nilikuwa nikiyatoa nikiwa peke yangu shambani, nayatazama, nayarudisha.

Kuna ndoto ambayo hunijia, hasa kiangazi. Niko mtoni kwetu, ule mto wa mchanga, niko msichana. Nachimba kisima kwa kata, mchanga unateleza ukirudi, maji hayaji. Napata ile chupa, nyeupe, kavu. Nikiisikiliza kwa sikio nasikia maji yakitembea chini ya miguu yangu, mengi, mto mzima, na hakuna anayeyaona. Halafu babu yako anakohoa nyuma yangu, ili nijitengeneze, nami naamka nikishika kanga.

Na kweli tulipokuwa wasichana ndivyo tulivyochota. Mimi nilikuwa mvivu, nilienda pale nilipochimba jana, nikachimba hapo hapo nikalia hakuna maji. Mama yangu hakunipiga. Alinikalisha kwenye ukingo akasema, “Tazama kwanza.” Nikasema natazama nini, ni mchanga. Akasema, “Wapi punda ameweka pua?” Tulikaa muda mrefu. Mchanga ukaanza kuwa wa rangi nyingi. Mahali fulani ulikuwa mzito kidogo, mahali fulani nyuki walikuwa wanatua bila maua. Nilipomwona Sista Kalondu amesimama miguuni pa kitanda mikono mfukoni, huku kila mtu akiwa na sababu yake, nilimwona mama yangu. Alikuwa amechelewa siku moja na nusu, na mimi ndiye niliyemchelewesha. Lakini alikuja akatazama, na alipoona kitu hakifanani na alichoandika yeye mwenyewe kwa mkono wake, alikubali kwamba ameandika uongo. Mbele ya watu. Sijui kama chuo kinafundisha hilo. Vitabu vyako ni vizito, siwezi kuvisoma.

Mimi najua upande mmoja tu, upande wa mtu aliyekaa kwenye kiti kando ya kitanda. Utatukuta wengi. Tutakuwa na flaski na kanga na tutakuwa tumevaa viatu vya kanisani. Utatuuliza, na tutasema ndiyo, Sista, amekula, amelala, amepata nafuu. Tunasema hivyo kwa sababu unaonekana umechoka, au mgonjwa anatusikia, au swali lako lina mlango mmoja tu. Hatukuchukii. Tunakustahi, na unaona vile heshima inaweza kufanya. Ukiweza nitoe nje kidogo, hata kwa kisingizio cha kunionyesha bomba la maji, uniulize hapo tukiwa wanawake wawili. Na kama hutaweza, kwa sababu wodi itakuwa imejaa na miguu itakuwa inakuuma, basi inama utazame chupa.

Sasa nimefika.

Hasira yako haikuwa yako. Ni mimi niliyeiacha ikue, niliyeimwagilia kwa kunyamaza. Nilimwogopa baba yako, niliogopa ukoo, lakini kusema kweli zaidi ya wote nilikuogopa wewe, vile ungenitazama. Hata sasa naogopa. Labda ukimaliza kusoma hutataka kunipigia simu. Nitangoja. Kama itachukua mwaka, nitangoja mwaka, na simu itakuwa na chaji. Chuki ukitaka kuiweka mahali, iweke hapa kwangu, mimi ni mama yako, nina nafasi. Lakini usiingie nayo kwa hiyo wodi. Mtu aliyekwisha kuamua anayemtazama ni nani hawezi kumwona, na huko kuna wagonjwa.

Ukiripoti, msalimie. Mpe mkono, mikono miwili kama tulivyokufundisha. Akikuuliza wewe ni wa nani, mwambie. Halafu mpe karatasi hii ya mwisho. Nimeiandika peke yake ndiyo uweze kuirarua bila kuharibu zingine. Ni yake. Ni majibu ya alichoniuliza, nimechelewa nayo miaka kumi na miwili, lakini najua yeye ni mtu anayependa chati iwe sawa.

Nakusikia ukija, unaimba huko njiani. Inabidi niifiche.

Mimi mama yako, ninayekupenda hata ukikasirika.

*

Kwa Sista Kalondu.

Jina la mgonjwa: Nzioka. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuliandika.

Aliyekaa naye: mke wa mwanawe.

Umeuliza kama mzee amekojoa.

Hapana, Sista. Hajakojoa tangu Jumatatu.